Pesa Zinapotembea, Kutoka Thika Hadi Ruiru

Hapo zamani, wala si za kale mno, palikuwa na mama mmoja aliyeuza nyanya katika soko la Madaraka mjini Thika. Jina sikumpa, kwa kuwa nimemuunda kutokana na wanawake wengi ambao nyinyi wenyewe mnawafahamu. Kila alfajiri alipokea kreti zake kutoka Kagio, kule Kirinyaga, akazimwaga na kuanza kuchambua: nyanya ngumu za kuuzwa kesho kutwa upande huu, zilizoiva upande ule, zilizopasuka kwenye beseni la bei ya jioni. Jua likizama alihesabu. Alitoa ya kreti za kesho, ya chakula, ya nauli na ya karo. Siku njema zilibaki noti chache. Alizifunga kwenye kitambaa, kitambaa akakitia ndani ya kopo la unga, na kopo akalisukuma chini ya kitanda.

Mtaa wa Makongeni, katika mji uo huo, palikuwa na kijana fundi wa vyuma. Alijua kuunda milango, madirisha na vitanda vya mabweni ya shule. Hakuwa na mashine ya kuchomelea. Alikodi ya mwenzake kwa siku, na mwisho wa mwezi kodi ilikuwa imekula sehemu kubwa ya jasho lake. Mteja mkubwa alipokuja na oda ya vitanda hamsini, kijana alitikisa kichwa. Kazi hiyo ilimshinda, na si kwa kukosa ujuzi.

Sasa nisikilizeni vizuri, wanangu, maana hapa ndipo mambo ya uchumi yanapoanza. Chini ya kitanda kuna pesa zimelala. Kwenye karakana kuna mikono haina vifaa. Umbali kati yao ni wa kutembea kwa miguu, lakini pesa hazijui njia. Kwani mama akimpa kijana akiba yake, ana hakika gani kwamba hatatoroka? Na mtoto wake akiugua usiku wa leo, mama atazihitaji pesa hizo leo, ilhali fundi anataka mwaka mzima wa kulipa polepole. Mama ana haki ya kuogopa. Kijana naye ana haki ya kusikitika.

Lakini wakusanye akina mama elfu moja wenye makopo kama yale. Si wote watauguliwa usiku mmoja. Weka hapo mtu anayejua kumchunguza fundi: ana wateja? Jirani zake wanasemaje? Deni la mwaka jana alilipa? Weka daftari, weka sheria, weka mdhamini. Mara pesa zinaamka. Fundi ananunua mashine, anamwajiri kijana wa pili na wa tatu, vitanda hamsini vinaenda shuleni, na mama anapata riba kidogo juu ya akiba yake. Kazi hiyo ya kukusanya, kuchunguza, kukopesha na kudai ndiyo kazi ya benki, ya sacco, yaani ushirika wa akiba na mikopo, na ya chama. Inapowafikia watu wengi na kufanywa vizuri zaidi, wachumi husema kwamba sekta ya fedha imeendelea.

Mwanauchumi wa Austria, Joseph Schumpeter, aliliandika wazo hili mwaka 1911: kwamba mwenye benki anayemwamini mtu mwenye wazo jipya ndiye anayempa nafasi ya kuubadilisha uchumi. Watu walibishana miaka mingi. Wengine walisema hapana, uchumi hukua kwanza na benki hufuata nyuma. Mwaka 1993 Robert King na Ross Levine walichunguza takwimu za nchi 80 hivi, kuanzia 1960 hadi 1989, wakaona kwamba nchi zilizoanza na sekta ya fedha iliyokomaa ndizo zilizokua haraka katika miaka iliyofuata. Ubishi haukwisha, lakini tangu hapo si rahisi kwa mchumi kuziona benki kuwa abiria tu.

Turudi kwetu. Katika miaka ya 1980 benki kubwa zilikuwapo Thika. Mji wenyewe ulikuwa wa viwanda: reli ilifika mwaka 1913, kisha yakaja mananasi ya kusindikwa, nguo, njugu za makadamia. Kiwanda kiliweza kuingia benki na kutoka na mkopo. Mama wa nyanya hakuweza. Aliambiwa alete kiasi kikubwa cha kufungulia akaunti, na akitaka mkopo alete hati miliki ya shamba. Shamba lilikuwa kwa jina la mumewe, au la baba mkwe, au halikuwapo kabisa. Kwa hiyo akina mama walijitegemea. Walianzisha vyama, kila mmoja akatoa fungu lake kila wiki, na mmoja wao akapokea yote kwa zamu. Chama kilinunua masufuria, mabati na ng'ombe. Kilikuwa benki ya watu kumi na wawili, na hicho ndicho kilikuwa kikomo chake: hakikuweza kutoa zaidi ya kilichokuwa mifukoni mwa watu hao kumi na wawili.

Mwaka 1984, huko Kangema katika Murang'a, si mbali na Thika, palianzishwa chama cha ujenzi wa nyumba kilichoitwa Equity Building Society. Kiliwalenga watu wale wale ambao benki hazikuwataka: wakulima wa chai na kahawa, wachuuzi, mafundi. Kufikia 1993 kilikuwa mahututi. Zaidi ya nusu ya mikopo yake ilikuwa hailipwi, na Benki Kuu ilikiona kuwa kimefilisika. Kilinusurika kwa wafanyakazi na wateja kukubali kununua hisa zake, na kwa kijana mhasibu aliyejiunga nacho mwaka huo, James Mwangi, kubadilisha namna ya kuhudumia watu. Akaunti ilifunguliwa kwa pesa kidogo, na mikopo ikaanza kutazama biashara ya mtu badala ya hati miliki pekee. Mwishoni mwa 2004 kikawa benki kamili, na 2006 hisa zake zikaanza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Leo ni miongoni mwa benki kubwa kabisa Afrika Mashariki. Jiulizeni ni mafundi wangapi wa vyuma walipata mashine kwa sababu chama kile hakikufa 1993.

Mwaka huo 1993 nauweka wazi makusudi, kwa maana ulikuwa mwaka mbaya kwa kila mtu, na una fundisho ndani yake. Kulikuwa na kashfa ya Goldenberg, ambamo mabilioni ya shilingi za umma yalitoka kwa kisingizio cha kuuza dhahabu nje. Baadhi ya benki zilitumika katika uchafu ule. Pesa zilizagaa bila bidhaa za kulingana nazo, na bei zikapanda kwa takriban asilimia 46 katika mwaka mmoja. Ili kuzifyonza pesa hizo, serikali ilikopa kwa riba iliyopita asilimia 70. Sasa fikirini: kama serikali yenyewe inakulipa zaidi ya asilimia 70, ni benki gani itahangaika kumkopesha fundi wa Makongeni au kiwanda cha nguo cha Thika? Uchumi wa nchi ulikua kwa chini ya asilimia 1. Fundi hakuiba dhahabu yoyote, wala mama wa nyanya hakuiba. Lakini mkate ulipanda bei kwao pia.

Ndiyo maana nasema hadithi ya fedha ina pande mbili, na mwalimu anayewafundisha upande mmoja tu amewanyima nusu ya somo.

Upande wa kwanza ni ukuaji, na huo mnauona kwa macho mkipanda matatu kutoka Thika kwenda Nairobi. Barabara kuu ya Thika ilianza kupanuliwa 2009 na kufunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012. Ni kilomita 50 hivi, na iligharimu zaidi ya shilingi bilioni 30, nyingi zikiwa mikopo kutoka Benki ya Maendeleo ya Afrika na benki ya Exim ya Uchina. Bila kukopa, serikali ingelazimika kuijenga barabara hiyo polepole kwa ushuru pekee. Mkopo uliifanya kazi ya miaka mingi ije mapema.

Tazameni kilichotokea Ruiru. Mwaka 2009 sensa ilihesabu watu karibu 239,000 mjini humo. Mwaka 2019 walikuwa 490,120, na Ruiru ikawa mji wa nne kwa wingi wa watu nchini, mbele ya Eldoret na Kisumu. Mashamba ya kahawa yakageuka mitaa. Palipokuwa na miche kwa safu ndefu, leo pana ghorofa zenye nguo zilizoanikwa kwenye kila roshani.

Sogeeni karibu muone jinsi ghorofa moja inavyozalishwa na mkopo. Mwalimu wa shule ameweka akiba katika sacco kwa miaka kumi. Sacco humkopesha mara kadhaa ya akiba yake, na walimu wenzake humdhamini kwa sahihi zao. Lori linaenda machimboni Juja kuchukua mawe ya Ndarugu. Pale machimboni vijana wanakata mwamba wa kijivu kwa mashine, vumbi limewatanda hadi kwenye kope, na wengine wanayapanga mawe moja moja kwenye lori kwa malipo ya siku. Jioni vijana hao wanakula kwa mama wa chapati aliye kando ya barabara. Mama wa chapati ananunua unga na nyanya. Kule Ruiru fundi wa mjengo ana vibarua wake, fundi wa bomba wake, fundi wa umeme wake, na fundi wetu wa vyuma anatengeneza milango. Nyumba ikiisha, wanafunzi wa chuo na wafanyakazi wa viwandani wanapanga vyumba. Sahihi chache kwenye karatasi ya udhamini zimegeuka ujira wa watu ambao hawajawahi kuonana na mwalimu yule.

Huo ndio ukuaji. Sasa tuje kwenye misukosuko.

Wachumi hutumia neno misukosuko wakiwa na maana ya jinsi uchumi unavyopanda na kushuka ghafla. Nchi mbili zinaweza kukua sawa katika miaka kumi, lakini moja ikaenda kwa utulivu na nyingine ikarushwa huku na huku. Kwa maskini tofauti hiyo ni kubwa mno. Tajiri akipata mwaka mbaya huuza gari. Maskini akipata mwaka mbaya humtoa mtoto shuleni, na mwaka mzuri ukija mtoto huyo huenda asirudi.

Wazee wa Kiambu na Murang'a wanaijua misukosuko kwa jina la kahawa. Julai 1975 baridi kali iliunguza mashamba ya kahawa ya Brazil. Kahawa ikaadimika duniani, na kufikia 1977 bei ilikuwa imepanda kuliko walivyowahi kuona. Mabati mapya yaling'aa vijijini. Kisha bei ikashuka. Mnamo Julai 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakishikilia bei kwa kugawa mgao yalivunjika, na mkulima wa Gatanga au Ruiru akaadhibiwa kwa jambo lililoamuliwa London. Wengine waliing'oa mibuni yao.

Je, sekta ya fedha ingewasaidia? Ingewasaidia, na hapa naomba mfano mmoja tu. Kule juu, kwenye Mto Thika, kuna bwawa la Ndakaini lililokamilika 1994, linaloweza kuhifadhi mita za ujazo milioni 70 za maji kwa ajili ya Nairobi. Mvua haiji kila siku, ila bomba linafunguliwa kila siku. Bwawa hupokea maji mengi ya masika na kuyatoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Akiba na mikopo inayoendeshwa vizuri hufanya hivyo hivyo kwa pesa za miaka mizuri na mibaya. Lakini kadiri bwawa linavyokuwa kubwa ndivyo ukuta wake unavyohitaji kukaguliwa zaidi, kwa maana watu wa chini wamelala wakiuamini.

Ushahidi wa upande mzuri tunao hapa hapa Kenya. M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ilianza Machi 2007. Miezi kumi hivi baadaye, mwanzoni mwa 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zikafunga barabara na benki. Watu waliokwama waliwatumia wenzao pesa na muda wa maongezi kwa simu. Watafiti wawili, Tavneet Suri na William Jack, walizifuatilia familia za Kenya kwa miaka kadhaa. Katika matokeo waliyochapisha 2014 waliona hivi: familia isiyo na M-Pesa ikipatwa na balaa, kama ugonjwa au kupoteza kazi, ilipunguza matumizi yake kwa takriban asilimia 7. Familia yenye M-Pesa haikulazimika kupunguza. Kwa nini? Kwa sababu shangazi aliyeko Mombasa, kaka aliyeko Nakuru na rafiki wa chuo waliweza kutuma kidogo kidogo siku ile ile. Mwaka 2016 watafiti hao wakakadiria kwamba huduma hiyo iliziondoa familia 194,000 katika umaskini uliokithiri. Kwangu mimi, hakuna jambo la fedha lililofanyika nchini katika maisha yangu lenye heshima kuliko hilo.

Vilevile mwaka 2020. Machi ile, korona ilipoingia, ndege zilisimama, na mawaridi ya mashamba yaliyo karibu na Thika na Ruiru, yaliyozoea kupelekwa Ulaya, yalitupwa. Wafanyakazi walirudishwa nyumbani. Benki Kuu iliziruhusu benki kuwaongezea wateja muda wa kulipa bila kuwaita wakaidi wa kulipa madeni, na zaidi ya nusu ya mikopo yote ya benki nchini ilipangwa upya. Uchumi wa nchi ulipungua kwa asilimia 0.3 mwaka huo, kisha 2021 ukakua kwa asilimia 7.6. Kama kila benki ingedai chake siku ile ile, sidhani kwamba biashara nyingi za Thika zingefungua tena milango.

Na upande mbaya? Huo una mashine yake, na nataka muielewe vizuri kwa sababu inaendelea kuzunguka Ruiru hivi sasa. Mtu ana ploti. Bei ya ploti inapanda. Kwa kuwa bei imepanda, benki inamwona tajiri zaidi, inamkopesha zaidi, naye ananunua ploti nyingine. Wengine wanafanya vivyo hivyo. Kwa kuwa wote wananunua, bei inapanda tena, na benki inafurahi tena. Hakuna aliyelima, hakuna aliyejenga, hakuna aliyeajiriwa, ila kwenye karatasi kila mtu ametajirika. Siku wanunuzi wakipungua, gurudumu linageuka. Bei inashuka, dhamana haitoshi, benki inadai, mtu anauza haraka, na kwa kuuza haraka bei inashuka zaidi. Mikopo ile ile iliyoongeza kasi ya kupanda inaongeza kasi ya kushuka. Hivyo ndivyo Marekani ilivyoporomoka mwaka 2008 kwa nyumba, na dunia nzima ikatikisika.

Mimi sipingi mtu kununua ploti ajenge. Napinga akiba ya mji mzima kukimbilia udongo mtupu, huku fundi wa vyuma akiambiwa arudi kesho.

Benki zetu wenyewe zimeshaanguka mara nyingi. Katikati ya miaka ya 1980 taasisi kadhaa zilifilisika, na 1989 tisa kati yake ziliunganishwa kuwa Consolidated Bank. Halafu 1993, mwaka ule niliousimulia. Halafu 1998. Halafu Agosti 2015 Dubai Bank, Oktoba mwaka huo Imperial Bank baada ya udanganyifu uliofichwa kwa miaka kugunduliwa, na Aprili 2016 Chase Bank. Kwa Chase, uvumi ulienea kwenye mitandao ya kijamii na watu wakakimbilia pesa zao, benki ikafungwa, ikafunguliwa tena baada ya wiki tatu hivi. Hofu haikuishia hapo. Wenye akiba walihama kutoka benki ndogo kwenda kubwa, na benki ndogo, ambazo ndizo zilizozijua biashara ndogo, zikabaki hazina cha kukopesha.

Wabunge waliona riba ni kubwa mno, na walikuwa na sababu. Septemba 2016 sheria ikaanza kutumika: riba isizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Nia ilikuwa njema. Lakini benki zikasema, kama haturuhusiwi kumtoza mkopaji mdogo kulingana na hatari yake, basi hatumkopeshi, tutaikopesha serikali. Mikopo kwa sekta binafsi, iliyokuwa ikiongezeka kwa zaidi ya asilimia 15 kwa mwaka katika 2015, iliongezeka kwa asilimia 2.4 tu katika 2017. Novemba 2019 sheria ikaondolewa. Mama wa nyanya ndiye aliyeumia, ingawa sheria ilitungwa kwa jina lake.

Alipokosa benki, alienda wapi? Kwenye simu. Mikopo ya simu ilikuwa imeanza na M-Shwari, Novemba 2012. Ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Chukueni kalamu. Ukikopa shilingi 1,000 unalipa 1,075. Haionekani kubwa. Lakini mtu anayekopa 1,000 zile zile kila mwezi, mwaka mzima, amelipa ada ya shilingi 900 ili ashike shilingi 1,000. Mkopo huo ukinunua kreti ya nyanya inayouzwa kwa siku mbili, una maana. Ukinunua chakula cha jioni kila mwezi, ni shimo. Baadaye zikaja programu nyingi ambazo kwa miaka hazikusimamiwa na mtu, na baadhi ziliwapigia simu jamaa na marafiki wa mdaiwa kumwaibisha. Watu wengi waliorodheshwa kuwa wakaidi kwa madeni madogo sana, hata ilibidi mwaka 2020 Benki Kuu ikataze kumworodhesha mtu kwa deni lililo chini ya shilingi 1,000. Ni mwaka 2022 ndipo kanuni za kuwasimamia wakopeshaji hao zilipoanza kufanya kazi.

Na Thika yenyewe ina kidonda chake. Ekeza Sacco ilikuwa na wanachama maelfu kwa maelfu, wengi wakiwa watu wa kipato kidogo waliotaka ploti au nyumba. Mwaka 2018 serikali ilifuta leseni yake, na wanachama wakajikuta wakipanga foleni na kwenda ofisi hadi ofisi wakitafuta akiba zao. Jambo kama hilo halimwumizi mwenye akiba peke yake. Jirani yake pia anarudisha kopo chini ya kitanda, na imani iliyojengwa kwa miaka thelathini inavunjika kwa wiki moja.

Wachumi wamelipima jambo hili kwa nchi nyingi. Mwaka 2000 William Easterly, Roumeen Islam na Joseph Stiglitz walionyesha kwamba sekta ya fedha inapokua, misukosuko hupungua, lakini hadi kiwango fulani tu. Ukikipita, huanza kuongezeka. Wengine watatu, Arcand, Berkes na Panizza, wakaona kwamba mikopo ya watu binafsi na kampuni ikifika karibu sawa na pato zima la taifa, huanza hata kuupunguza ukuaji wenyewe.

Kenya haijafika huko. Mikopo hiyo kwetu ni kama thuluthi moja ya pato la taifa. Kwa hiyo anayesema kwamba tuna mikopo mingi kupita kiasi anakosea. Mwaka 2006 Wakenya wazima waliotumia huduma rasmi za fedha walikuwa asilimia 26.7, mwaka 2024 walikuwa asilimia 84.8. Mlango umefunguliwa, na nafurahi kwamba umefunguliwa. Shida yetu ni kwamba pesa hukimbia mbele ya wakaguzi, halafu tunaanza kutafuta sheria wakati watu wameshalia. Shida nyingine ni mahali zinapokwenda: nyingi kwa serikali na kwenye udongo, chache kwa mwenye karakana.

Nyinyi bado ni wadogo, ila simu mnazijua kuliko wazazi wenu, na nyumbani mnaombwa msome ujumbe unaoingia. Basi saidieni kwa hilo. Akiba iliyo katika benki yenye leseni inakingwa na Shirika la Bima ya Amana la Kenya hadi shilingi 500,000 kwa kila mtu katika kila benki, tangu Julai 2020. Benki ikifa, akiba hulipwa hadi kiasi hicho. Sacco hazimo katika kinga hiyo. Kila mwanzo wa mwaka mamlaka ya kusimamia sacco, SASRA, hutangaza orodha ya zile zenye leseni. Mama au baba akiambiwa kuhusu sacco mpya inayogawa ploti Ruiru, itafuteni orodha hiyo na msome jina kwa jina pamoja naye, kabla hajatoa shilingi ya kwanza.